Mashine ya Kuwahi Mkono Wangu

Wiki iliyopita niliishia pale mkono wa mke wangu ulipolia kama fito kavu. Waliosoma wanajua. Ambao hawakusoma nawaeleza kwa kifupi, maana mwenyewe sipendi kuirudia.

Jina langu Kamphon. Nimepigana ulingoni miaka kumi na sita, ngumi za kwetu zinazoruhusu teke na kiwiko, na kilichonitoa ni kiwiko kimoja cha jamaa wa Surin. Kilinipasua taya, kikauharibu mshipa wa fahamu. Tangu siku hiyo nina maumivu yanayokuja yenyewe, bila hodi. Yanaanzia jino la nyuma, yanapanda shavuni, yanaingia jichoni. Kutoka jino hadi jicho ni sekunde ishirini na nane. Nimezihesabu mpaka nimechoka. Yakifika jichoni mimi si mtu tena. Napiga kilicho karibu.

Daktari wa kliniki aliniandikia bangi. Ila siyo ya kuwasha na kuvuta moshi, kwa sababu pafu langu moja lilishatobolewa na ubavu. Nivute mvuke. Nikanunua mashine ya mvuke, ile inayooka majani bila kuyaunguza. Niliichagua kwa sababu ilikuwa nyeusi na inaenea mfukoni. Huo ndio uliokuwa utaalamu wangu wote. Kupata moto ilikuwa inachukua sekunde tisini.

Piga hesabu mwenyewe, ishirini na nane kwa tisini. Lamduan, mke wangu, alikuwa amenishikia ile mashine mdomoni, taa yake bado nyekundu, nilipomkamata mkono nikauvunja.

Msomaji mmoja ameandika hapa gazetini kwamba nikatwe mikono yote miwili. Dada yangu, sikatai. Ngoja kwanza nimalize.

Kuna jambo sikulisema wiki iliyopita. Lamduan hajawahi kusema kwamba nilimpiga. Nesi alimuuliza pale hospitali, "Nani kakufanya hivi?" Akajibu, "Maumivu." Nesi akadhani hajaelewa swali, akamuuliza tena. Akajibu vilevile. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia, nikashukuru. Naona aibu kuandika neno hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilishukuru.

Kutoka hospitali akaenda kwa mama yake, kijijini Nong Wa. Mimi nikarudi peke yangu nyumbani kwetu, mjini Korat.

Jumatano asubuhi naosha mchele, nasikia mtu ananiita uani.

"Shemeji."

Kwa adabu kabisa. Nikageuka, nikakutana na ngumi.

Sanguan ni kaka yake Lamduan. Anauza nyama ya nguruwe sokoni, na mikono yake imekomazwa na panga la kukatia mifupa. Ujanani aliwahi kupigana kidogo, akaacha kwa sababu alikuwa mzito wa miguu. Lakini mtu akikukuta umeinamia sufuria, hahitaji miguu.

Ya kwanza ilinipata sikioni. Ya pili tumboni. Nilipoanguka akanipiga teke la mbavu, upande uleule wa pafu bovu, na anaujua.

"Inuka, bingwa," akasema. "Si unajua kupiga? Nipige basi."

"Kaka, sina ugomvi na wewe."

"Mkono uliovunja ni wa kufumia hariri, unajua? Mama anafuma nusu, Lamduan anafuma nusu. Sasa mama anafuma peke yake huku analia."

Akanipiga tena, mara hii kibao, cha dharau. Mchele ulikuwa umemwagika uani, na mimi nimelala juu yake. Sikuinua mkono. Nataka mlijue hilo. Siku ile sikuinua mkono, na ndani yangu nilikuwa naungua.

Alipochoka akachuchumaa, akatoa simu, akaniwekea sikioni. Ilikuwa sauti ya Lamduan.

"Kakupiga sana?"

"Kiasi."

"Nilimwambia asikupige. Sikiliza, Jumapili mama anafunga nyuzi mikononi, zile za kuita roho. Roho zangu zimetawanyika tangu siku ile, sili, silali. Anataka na za kwako ziitwe, tufungwe pamoja, ndipo nirudi nyumbani. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Ile mashine inachelewa, Kamphon. Siyo wewe. Tafuta inayouwahi mkono wako. Ukiwa nayo, narudi. Ukija na ileile, sirudi, na usinilaumu."

Sanguan akachukua simu yake. Akajifuta mikono kwenye shati langu, siyo lake.

"Umesikia. Jumapili saa tatu asubuhi. Ukimgusa dada yangu tena, au mama yangu, sitakupiga hivi. Nitakukata kama ninavyokata sokoni."

Nilikuwa na siku nne. Nikaenda kumtafuta Mzee Phian.

Mzee Phian ndiye aliyekuwa akishika saa na kugonga kengele kwenye mapambano yangu yote ya Korat. Miaka arobaini amekaa chini ya ulingo, hajawahi kukosea raundi hata moja. Mabondia walimtukana, waliocheza kamari walimtishia, na kengele haikulia kabla ya wakati. Nikamwambia shida yangu. Akanitazama ule uvimbe wa sikio, akachukua saa yake, akavaa viatu.

"Twende," akasema. "Sitaki kusoma maboksi. Boksi linasema lolote."

Duka la mashine za mvuke lipo karibu na stendi ya zamani, lina jani kubwa la kijani mlangoni. Mwenye duka ni mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, anaitwa Jip, mfupi, mdomo haupumziki.

"Karibuni, wazee. Usingizi, hamu ya kula, au ndoa?"

"Ndoa," nikasema.

"Hiyo sina dawa yake."

Nikamwonyesha cheti cha kliniki, nikamweleza. Sikumficha. Nilipofika kwenye mkono wa Lamduan, akaacha kutabasamu, na nikaona amesogea nyuma ya kaunta hatua moja.

"Kwa hiyo wewe shida yako siyo ladha," akasema. "Siyo betri wala ukubwa."

"Ni kuwahi kupata moto. Ishirini na nane. Toa mbili tatu za kuitafuta mfukoni. Nataka iwe chini ya ishirini."

"Wote wakija wanauliza ipi ina rangi nzuri." Akaweka ya kwanza juu ya kioo. "Hii imeandikwa sekunde ishirini na tano. Nyingine zote za bei hii ni dakika nzima."

Akasaga majani makavu, akajaza, akabonyeza. Mzee Phian akabonyeza saa yake pia. Tukangoja, watu watatu. Mashine ikatetema.

"Ishirini na tano kamili," Jip akasema, amejaa fahari.

Nikavuta. Hewa tupu. Nikavuta tena, kijoto kidogo, harufu ya majani, mvuke hamna. Nikaendelea kuvuta mpaka nikaona ukungu mwembamba unatoka puani.

"Sitini na moja," Mzee Phian akasema. "Kengele imelia, bondia bado amekaa konani."

Jip akakunja uso. "Ni kweli. Kinachopata moto kwa ishirini na tano ni chuma. Majani yako katikati bado ya baridi. Inayapika kwa kuyagusa, kama wali unavyoiva chini kwanza."

"Sasa kwa nini wanaandika ishirini na tano?"

"Kwa sababu watu kama wewe hawaji na mzee mwenye saa."

Ya pili haikuwa na betri wala taa. Bomba dogo la chuma lenye kifuniko, unachoma kifuniko kwa kiberiti cha gesi, kile cha mafundi kinachovuma. Kikipata moto wa kutosha, kinalia tik, unavuta. Mzee Phian akapima mara tatu. Nane, saba, nane.

"Hii ndiyo," nikasema.

"Subiri," Jip akasema. "Inataka mikono miwili. Na mkono usitetemeke."

"Mikono yangu haitetemeki."

Sijui kama miungu ilinisikia au ni kiyoyozi cha duka. Nilisogea karibu na kaunta, upepo wa baridi ukanigonga shavu la kulia, jino likaanza.

"Mzee," nikasema. "Limeanza."

Akabonyeza saa, wala hakuuliza. Moja, mbili, tatu, namsikia anahesabu kwa sauti ileile ya ulingoni. Nikalikamata bomba, nikakamata kiberiti. Tano. Nikakiwasha, kikavuma. Mkono ambao hautetemeki ukaanza kucheza, moto ukaenda kidoleni, ukaenda mezani, ukarudi kidoleni. Nikasikia nyama yangu inanuka. Kumi na moja. Shavu lote limeshawaka kwa ndani. Bomba likaniponyoka, likabingirika chini ya kabati.

"Kumi na saba," Mzee Phian akasema.

Nikapiga kioo cha kaunta. Kikashuka chote, pamoja na mitungi yake. Jip akapiga kelele mara moja tu, halafu akafanya kitu ambacho sikutegemea. Akachukua mpini wa ufagio akanipiga nao begani, kwa nguvu, kama anafukuza nyoka.

"Rudi nyuma. Rudi nyuma, mshenzi wewe."

Nikamfuata. Nasema kweli, nilimfuata. Mkono ulishakunjika, damu inanitiririka, jicho la kulia halioni kitu. Yeye huku ananitandika, huku mkono mwingine unapapasa rafu nyuma yake. Akakamata kitu, akakibonyeza, akatupa ufagio, akanishika nywele kama mtoto anayenyweshwa dawa, akanisukumia hicho kitu mdomoni.

"Vuta. Vuta taratibu."

Nikavuta. Mvuke ukaja, wa moto, mwingi, ukashuka hadi kwenye pafu langu bovu. Nikavuta tena. Nikasikia maumivu yanasimama njiani, kisha yanarudi yalikotoka. Jicho likafunguka. Shavu likapoa. Jino likanyamaza.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye vioo. Ngumi yangu ya kushoto ilikuwa imeshafika mbele ya pua ya Jip, imesimama hapo.

"Tisa," Mzee Phian akasema. "Tangu alipobonyeza mpaka mvuke. Tisa."

Jip akakaa chini, anahema. "Hii haiyapiki kwa kuyagusa. Inapitisha upepo wa moto katikati yake. Ilikuwa imejazwa, nilikuwa nataka kuivuta mwenyewe jioni." Akacheka kidogo, halafu akalia kidogo. "Iwe imejazwa siku zote, umesikia? Majani makavu, yasagwe vizuri. Ukianza kusaga wakati limeanza, umekwisha."

Nikamlipa mashine na nikamlipa kioo. Alikataa kunipa mkono. Nikamsindikiza Mzee Phian mpaka mlangoni kwake.

"Ulimfuata yule mwanamke kabla ya ishirini na nane," akasema.

"Mzee?"

"Ilikuwa ishirini na moja. Nilikuwa naangalia saa."

Nikamwambia labda siku hizi yanapanda haraka zaidi. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kwake. Nikalisahau, au nilijitahidi kulisahau.

Siku tatu nilifanya mazoezi kama kijana anayejiandaa kwa pambano la kwanza. Mashine mfuko wa shati, upande wa kushoto. Mkono unaingia, kidole kinabonyeza bado imo mfukoni, inatoka, inafika mdomoni. Sekunde mbili. Jumlisha tisa. Hata nikilala nilikuwa na kumi na saba za akiba. Alhamisi jino lilikuja mara mbili, Ijumaa mara moja. Mara zote tatu nililiwahi, sikuvunja hata kikombe. Ijumaa nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha. Nikampigia Lamduan.

"Tisa," nikamwambia.

"Tisa kweli?"

"Kapima Mzee Phian."

"Basi naanza kufungasha," akasema.

Jumapili saa tatu asubuhi nikawa Nong Wa, shati jeupe, nywele nimechana na maji. Mama mkwe wangu, Mama Bunlai, alikuwa ametandika mikeka ukumbini. Katikati kulikuwa na mnara mdogo wa majani ya mgomba, wa kuitia roho, nyuzi nyeupe zimening'inia kila upande, chini yake mayai ya kuchemsha na wali wa kunata. Lamduan amekaa pembeni ya mnara, mkono umo kwenye plasta ngumu, amepaka poda usoni. Begi lake lilikuwa mlangoni, limefungwa. Nililiona kabla sijamwona yeye.

"Umekonda," akaniambia kwa kunong'ona.

"Kaka yako alinisaidia kukonda."

Akataka kucheka, akajizuia.

Mzee wa kijiji akaimba ya kuziita roho, zote thelathini na mbili alizonazo mtu, ziache kutangatanga vichakani na barabarani, zirudi mwilini zikae. Akamaliza, akaanza Mama Bunlai. Alimfunga Lamduan kwanza, kwenye ule mkono mzima. Halafu akanigeukia mimi.

Kwetu unanyoosha mkono mmoja ufungwe uzi, mwingine unauinua wima mbele ya uso kwa heshima. Aliye nyuma yako anakushika kiwiko, ili baraka zipite kwake pia. Nyuma yangu alikaa Sanguan. Kidole chake gumba kilikuwa kimezama kwenye nyama ya kiwiko changu, na haikuwa kwa baraka.

Na uzi ukishaanza kufungwa huvuti mkono. Uzi wa ndoa ukikatika kabla fundo halijakaza, hakuna mtu Nong Wa atakayekuambia nyumba hiyo itasimama. Mama Bunlai mwenyewe, uzi wa ndoa yake ya kwanza ulikatika, na mume yule hakumaliza mwaka.

"Mwanangu," akasema Mama Bunlai. Alikuwa analia. "Yaliyopita yamepita. Rudini mkaishi."

Akapitisha uzi kwenye kifundo cha mkono wangu. Na kwa upendo kabisa, kwa mkono wake mwingine, akanipapasa shavu la kulia.

Jino likaanza.

Moja, mbili. Mashine iko mfukoni, vidole vinne kutoka kidevuni kwangu. Mkono wa kulia umo kwenye uzi. Wa kushoto umesimama mbele ya uso, kwa heshima, mbele ya mama mzazi wa mke wangu.

Tano. Fundo la kwanza. Mikono ya mama ni ya kizee, inatetemeka, uzi unateleza.

Nane. Nikajiambia, ngoja amalize. Una za akiba.

Kumi na mbili. Anaomba. Anaomba tupate watoto, anaomba mpunga uive, anaomba mkono wa Lamduan upone. Shavu linawaka. Lamduan ananitazama, na nikaona amejua. Midomo yake ikasema bila sauti, "Chukua."

Kumi na tano. Fundo la pili bado. Ningeushusha mkono wa kushoto tu, yangekwisha. Lakini naushushaje mbele ya mama anayeniombea, watu wa kijiji kizima wanaangalia? Nimefundishwa heshima tangu nikiwa na miaka sita. Kabla ya kila pambano nilikuwa nainama mara tatu, hata mbele ya watu waliotaka kuniua.

Kumi na nane, nikaushusha. Nikautia mfukoni kwa nguvu, bega likatikisika, uzi ukakatika.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Mama Bunlai akabaki na kipande mkononi. Na Sanguan, nyuma yangu, aliona tu mkono unaingia ndani ya shati ghafla, mbele ya mama yake.

"Ana kisu," akasema.

Akanikaba shingo, akanivuta chali. Nilikuwa nimeshabonyeza. Moja. Akanipiga kiwiko cha kichwa. Mbili. Tukaviringika juu ya mnara, mayai yakapasuka, majani ya mgomba yakatufunika. Tatu, nne. Akanipiga shavu la kulia, lilelile, nikaona mwanga mweupe. Tano. Goti lake likawa juu ya kifua changu, mkono wake unaukunja wangu mpaka mifupa inalia. Sita. Lamduan anapiga kelele, "Siyo kisu, kaka, siyo kisu, ni dawa." Saba. Nikamng'ata mkono. Nilimng'ata mpaka nikaonja damu, akaniachia kidogo. Nane. Nikaifikisha mdomoni. Tisa.

Nikavuta.

Nilivuta mara tatu, nimelala chali, goti la mtu kifuani, damu yake mdomoni mwangu. Na maumivu yakashuka. Jicho likaachia. Shavu likaachia. Taya. Jino. Kimya kabisa, kama mtu kazima redio.

Sanguan akaiona mashine. Akaona mvuke unanitoka puani. Akatoa goti lake, akajivuta nyuma, akakaa mkekani na mikono yake mapajani.

"Basi," akasema. "Basi, shemeji. Nilidhani kisu. Nisamehe."

Akanipa mkono aniinue. Nikaushika, nikainuka. Tukawa tumesimama uso kwa uso, mimi na yeye, na mikono yake imeshuka. Alikuwa anahema. Alikuwa na haya usoni, haya ya kweli.

Sasa nawaambia nisichomwambia mtu yeyote. Hakikuwa kinauma chochote. Nilikuwa naona vizuri, macho yote mawili. Niliona yai limemganda begani. Niliona mama anaokota nyuzi. Nikakumbuka Jumatano, mchele uani, alivyojifuta mikono kwenye shati langu. Nilikuwa na muda wa kutosha kukumbuka yote hayo. Nikapima umbali, nikageuza nyonga kama nilivyofundishwa, nikampiga kiwiko cha taya.

Nilisikia linavunjika. Nikafurahi.

Akaanguka kama gunia, kichwa kikagonga kinu cha kutwangia kachumbari ya papai bichi, kilichowekwa pembeni. Sikuishia hapo. Nilimkalia juu nikampiga tena mbili, na ya tatu ilikuwa njiani Lamduan aliponikumbatia kwa nyuma kwa mkono wake mmoja, ule wa plasta umebanwa katikati yetu.

"Yamekwisha," alikuwa ananiambia sikioni. "Yamekwisha, mume wangu, yamekwisha, vuta pumzi."

Nikaacha. Mama Bunlai amekishika kichwa cha mwanawe mapajani. Watu wamekimbilia uani, mmoja anapiga simu gari la wagonjwa lije. Damu ilikuwa inapita chini ya mikeka.

Lamduan akanigeuza nimtazame. Poda yake ilikuwa imechoreka michirizi ya machozi. Akaniuliza polepole, mbele ya mama yake.

"Wakati unampiga, yalikuwa bado yanauma?"

Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kujibu swali hilo. Maumivu yangu hayaonekani. Nilimtazama ule mkono, nikatazama begi mlangoni.

"Yalikuwa yanauma," nikasema.

Akafumba macho. Nilidhani anaanguka, kumbe ameshusha pumzi. Akamgeukia mama yake.

"Umesikia, mama. Siyo yeye. Hata tisa imechelewa. Tutatafuta nyingine inayowahi zaidi."

Mama Bunlai alikuwa anamfuta mwanawe damu. Chini, kwenye mapaja yake, Sanguan alikuwa amefumbua macho. Alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameniona usoni kabla ya kile kiwiko, karibu kuliko mtu yeyote, na alijua. Akajaribu kusema. Taya likaenda upande, ikatoka damu na sauti isiyo na neno.

"Anasema nini?" Lamduan akaniuliza.

"Sijui," nikasema. "Twende."

Nikainama, nikamchukulia begi.